Mishi Chura na Mvua Isiyokuwepo

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mabaraza na mipaka ya nchi kama sisi, palikuwa na mto ulioitwa Lumwe. Sogeeni, wadogo zangu, maana mto wenyewe ni mrefu.

Lumwe ulizaliwa milimani, katika nchi ya ndovu. Ukashuka tambarare, katika nchi ya nyati. Halafu ukaishia kwenye dimbwi la matete ambalo halikuwa katika nchi ya mtu yeyote. Humo aliishi chura aliyeitwa Mishi, na viluwiluwi wake mia nne.

Kiangazi hicho Mishi hakukaa. Alikuwa amechomeka tete matopeni ili apime maji. Asubuhi alilirukia, adhuhuri akalirudia, na jua lilipoinama alikuwa yuko pale pale akitazama. Kila alipopima, maji yalikuwa yameshuka tena. Na kiluwiluwi akikosa maji hana pa kwenda, kwa sababu hana miguu ya kuondokea. Watoto wa Mishi walikuwa wameota miguu ya nyuma tu. Ile ya mbele ilihitaji siku nane. Maji yaliyobaki yalikuwa ya siku nne.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Kule milimani Jumbe Ndovu aliuziba mto kwa boma la magogo na udongo, ili jamaa zake waoge hata kiangazi. Tambarare, Bibi Nyati alijenga tuta lililoyageuza maji machache yaliyopenya, yakaenda kwenye majani ya ndama wake. Wakubwa hawa wawili walikuwa hawajasalimiana kwa mwaka wa tatu. Ndovu alimwita Nyati mlafi. Nyati naye alisema Ndovu anaoga maji ya watoto wa wenzake.

Mishi akaenda kuomba. Akaruka, akatua, akaruka, na kila alipokuta kidimbwi, chubwi, akalowesha ngozi na kuendelea. Bibi Nyati alimsikiliza huku anatafuna, kisha akamwambia dimbwi lake liko nje ya mpaka, aende kwa wenye maji. Akaenda. Jumbe Ndovu hata hakumwona, mpaka alipopanda juu ya jiwe na kumwamkia mara tatu.

"Wewe ni raia wangu?" Ndovu akauliza.

"Hapana, Jumbe."

"Basi mimi na wewe tuna nini?"

Akageuka, akajimwagia maji mgongoni. Matone yaliyoruka yalimwangukia Mishi, na hayo ndiyo maji pekee aliyopewa.

Wakati wa kurudi alipita kwa shangazi yake Mkasi, chura mnene aliyeishi kwenye kinamasi cha nyati. Shangazi akamkaribisha akae juu ya jani. Mishi akakaa, akasimama, akakaa, akahamia jani jingine. Kichwani alikuwa anahesabu siku.

Sasa sikilizeni vizuri. Vyura wana milio mingi. Upo wa kuposa, upo wa kugombana, upo wa kuitana tu. Lakini siku hizo mlio mmoja haukuchezewa: mlio wa mvua. Vyura waliutoa pale tu mvua ilipokuwa kweli nyuma ya milima. Ndovu akiusikia, alivuta gogo la mlangoni na kuyaachia maji, maana mafuriko yangevunja boma lake zima. Nyati akiusikia, alibomoa tuta lake, maana mafuriko yangewakuta ndama malishoni. Hawakuhitaji kuulizana kitu. Vyura waliwatosha.

"Shangazi," Mishi akasema, "tulie mlio wa mvua."

Shangazi Mkasi akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, haina hata kipande cha wingu.

"Mvua yenyewe iko wapi?"

"Haipo."

"Mwanangu, sauti hii hatujawahi kumdanganyia mtu. Siku wakijua, nani atatuamini?"

"Wana miguu ya nyuma tu, shangazi."

Koo la shangazi likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka. Mwishowe akauliza waanze saa ngapi.

Kesho yake alasiri Shangazi Mkasi akafumba macho, akalia. Kroo, kroo, kro-kro-kro! Vyura wa kinamasi cha pili wakashangaa, lakini sauti ya mkubwa haiachwi peke yake, wakapokea. Wa kinamasi cha tatu wakapokea kwa wa pili. Mlio ukapanda mto kijito kwa kijito, ukafika milimani kabla jua halijatua.

Jumbe Ndovu akasimamisha masikio. Akatazama mbingu, akaiona tupu. Akafikiri amtume mjumbe kwa Nyati, maana huko tambarare mbingu inaonekana pana zaidi. Lakini mjumbe angeanza kwa kusema nini, na salamu zenyewe zimekatika miaka mitatu? Akaona aibu. Akavuta gogo.

Bibi Nyati naye alikuwa ameshainua kichwa. Akataka kuuliza huko milimani, kwa kuwa mvua hutokea huko. Akakumbuka nani angejibu. Akaweka pembe kwenye tuta, akalibomoa.

Pwaaa! Maji yakashuka na majani, na matawi, na samaki waliokuwa hawajui wanapelekwa wapi. Mishi alikuwa ameshakimbilia nyumbani. Alikaa kando ya tete lake bila kupepesa, na asubuhi ya tatu akaona povu likija kwenye mchanga mkavu. Maji yakaingia dimbwini. Yakapanda tete kidole, vidole viwili, kiganja kizima. Viluwiluwi wakatawanyika kwa furaha.

Mishi hakufurahi muda mrefu. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa kiu, ikayanywa maji yale. Na huko juu, Ndovu alingoja mvua siku nzima, akaona jua linazidi, akarudisha gogo lake. Siku ya sita tete lilikuwa wazi tena karibu lote. Watoto walikuwa na vijiti vidogo mahali pa mikono. Zilibaki siku mbili.

Siku hiyo hiyo Jumbe Ndovu alishuka mlimani kwa hasira. Alimkuta Bibi Nyati amesimama kwenye tuta lake alilolijenga upya.

"Mvua yako iko wapi?" Ndovu akamwuliza, bila salamu.

"Yangu? Tangu lini mvua ikatokea kwangu?"

Walipomaliza kutupiana maneno, wakagundua kwamba wote wawili walikuwa wameamini sauti moja, na kwamba chura mmoja wa dimbwini alikuwa amewajia wote akiomba maji. Wakaikamata njia ya mto, tifu, tifu, kila mmoja akitaka kufika kwanza. Korongo na ngiri na kima wakawafuata kwa nyuma ili waone atakayekufa ni nani.

Mishi aliusikia mtikisiko kwenye maji kabla hajawaona. Angeweza kujificha chini ya tope, na hakuna ambaye angempata. Lakini wangeingia dimbwini kumtafuta, na mguu mmoja wa ndovu ungetosha kumaliza watoto wote mia nne. Akaruka nje, akaenda kukaa mchangani mahali peupe, mbali na maji kadiri alivyoweza.

"Mimi ndiye niliyeanzisha," akasema. "Shikamooni, wakubwa zangu."

Hakuna aliyeitikia. Ndovu akainua mguu.

"Niko tayari, Jumbe," Mishi akasema. "Ila nijue kwanza nahukumiwa na nani."

Mguu ukabaki hewani. Kwani nchi zote za Lumwe zilikuwa na mila moja, na hata wasioelewana waliiheshimu: mkubwa hamwadhibu mtu asiye wa nchi yake. Akifanya hivyo, ametangaza vita.

"Unahukumiwa na mimi," Ndovu akasema. "Mto umeanzia kwangu. Unapofika, ndipo nchi yangu inapofika."

"Ati nini?" Bibi Nyati akaja mbele. "Dimbwi hili linagusana na malisho yangu. Huyu ni wangu, na nitamkanyaga mwenyewe."

"Wako tangu lini?"

"Tangu zamani. Babu yangu alikunywa hapa."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akivuta dimbwi upande wake. Ndovu akaapa mbele ya korongo kwamba ni lake. Nyati akaapa mbele ya ngiri. Mishi akawaomba warudie, kwa kuwa vyura wazee walioko mbali hawakusikia vizuri. Wakarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kima mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Ndipo Mishi akasogea hatua moja.

"Basi nimekubali. Nina wakubwa wawili. Na mila yetu ya pili, mnayoijua nyote, inasema mshtakiwa hunyweshwa na mwenye nchi kabla ya kuhukumiwa, yeye na nyumba yake, mpaka watosheke. Hii ndiyo nyumba yangu." Akawaonyesha dimbwi. "Ni mia nne. Watatosheka baada ya siku mbili."

Ndovu akatazama maji, akawaona wale wadogo wamebanana katikati kama punje kwenye kikombe. Akakohoa. Angeweza kusema dimbwi si lake, lakini Nyati angelichukua palepale mbele ya watu wote. Na Nyati naye hakuwa tayari kumwachia Ndovu hata unyoya.

"Nitaleta maji," Ndovu akasema.

"Yatapitia wapi?" akauliza Bibi Nyati polepole. "Tuta nimelijenga upya jana."

"Wewe lete basi."

"Nilete nini, na wewe umefunga?"

Wakatazamana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walitazamana hasa. Maji ya Ndovu yasingefika bila Nyati kufungua, na Nyati asingekuwa na cha kufungua bila Ndovu kuachia. Kila mmoja alikuwa ameapa, na hakuna aliyeweza kutimiza kiapo peke yake.

Ikabidi wakae. Walikaa pale mchangani mpaka jua likawachoma migongo. Kwanza walisemana kuhusu miaka mitatu ile. Kisha Ndovu akauliza, ndama wanahitaji maji siku ngapi katika kumi. Nyati akasema nne zingetosha, kama angekuwa na hakika nazo. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Wakapatana kwamba siku nne mto ubaki milimani, siku nne uende malishoni, na siku mbili upite moja kwa moja bila kuguswa na mtu mpaka dimbwini. Na kabla ya boma au tuta kufungwa, mjumbe apelekwe kwa mwenzake, salamu ziwepo au zisiwepo.

Mishi aliwasikiliza nusu nusu. Alikuwa ameshakwenda kwenye tete na kurudi mara tano.

Maji yalifika jioni ya kesho yake, yakiwa hayajapungua, na siku iliyofuata watoto wakaanza kutoka. Walitoka na mikia bado, wanajikwaa, wanaangukiana, hawakumuaga mama yao hata mmoja. Mishi aliwahesabu mpaka akachanganyikiwa.

Halafu akasimama mbele ya wakubwa zake wawili ili ahukumiwe, kwa sababu uongo ulikuwa uongo. Hawakumkanyaga. Wakamwachia Shangazi Mkasi aamue, na Shangazi akaamua: Mishi asiulie mlio wa mvua mwaka ule mzima. Labda mnaona ni adhabu ndogo. Kwa chura si ndogo.

Masika ilipokuja, mawingu yakapanda kweli nyuma ya milima. Vyura wa vinamasi vyote wakalia. Ndovu akasita, akakumbuka ile mvua ya uongo, akamtuma mjumbe kwa Nyati. Mjumbe wa Nyati alikuwa ameshafika nusu ya njia, anakuja kuuliza jambo lile lile. Boma likafunguliwa, tuta likafunguliwa, mafuriko yakapita salama bila kumchukua ndama hata mmoja.

Mishi alikaa dimbwini na mdomo umefumbwa, koo likimtetemeka kwa mlio aliokatazwa, huku mvua ikimpiga kichwani.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nanyi shikeni hili moja: wanaokunywa mto mmoja wasipozungumza wao kwa wao, hata chura ataweza kuwadanganya.