Ngamia wa Mzee Galgalo

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana Mzee Galgalo bado anachechemea, jangwani Chalbi palikuwa na kisima kirefu. Watu walisimama ukutani ndani yake, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu.

Miongoni mwao walikuwamo Qabale na Darmi, wanawake wawili waliopendana, wakilala kitanda kimoja na kumtunza Bibi Wato, mama yake Darmi. Mzee Galgalo, mkuu wa kisima, hakuwavumilia. Siku moja akaapa mbele ya wote: "Wanawake wawili si nyumba. Na asiye na nyumba hana maji hapa."

Wakaondolewa. Mlolongo ukapungua mikono minne. Ndoo ikapanda, ikapanda, ikaishia njiani. Mzee, aliyesimama ukingoni juu, kwa ubishi wake akainama aidake. Akaidaka kweli, kisha akaenda nayo chini.

Ukuta ukaanza kumomonyoka. Wanaume wakapanda upesi kuliko walivyoshuka, wakasimama kusubiri amri. Mtoa amri alikuwa ndani ya maji.

Qabale na Darmi, waliokuwa wakifunga mizigo waondoke, wakaja mbio. Qabale akajifunga kamba, akashuka. Darmi akaishika kamba hiyo juu mpaka viganja vikachubuka. Bibi Wato, asiyeweza kushuka wala kuvuta, akamtukana mzee ili asizimie, yeye na masharubu yake. Kila alipofumba macho, hasira zikamfumbua.

Akatolewa, mguu mmoja umeteguka. Akasema, huku akitema maji, "Aliyeniokoa nampa ngamia wangu wa maziwa. Mwenye ngamia huyo hanyimwi maji."

"Nilishuka mimi," akasema Qabale.

"Na kamba aliishika nani?" akasema Darmi. "Ningeachia, mngekaa wote huko."

"Mngevuta maiti," akasema Bibi Wato. "Matusi yale nimeyatunza tangu ujana, leo nimeyamaliza yote kwa ajili yake."

Kisha Darmi akacheka. "Mzee, usijisumbue. Ngamia mpeleke tu nyumbani kwetu."

Mzee akauona mtego. Akikubali wana nyumba, amevunja kiapo. "Nampa mmoja," akasema.

"Yupi?" wakamwuliza wote watatu.

Mpaka sasa anafikiri, na ngamia amesimama pale, kiwele kimejaa.

Je, wenzangu, nani alistahili: aliyeshuka, aliyeshika kamba, au aliyetukana? Na wewe unayesema wote watatu, ngamia tukamfunge kwenye nyumba ya nani?