Hita ya Mama Yake Lutengano

Gari likichemsha, anza na ulichoongeza. Ndivyo mchungaji alivyowaambia wale ndugu wawili leo, nanyi mmeniuliza gari linahusiana nini na ugomvi wa nyumbani. Maneno hayo yalizaliwa huku huku Makete, na asili yake ni hii.

Alikuwapo fundi mmoja, Lutengano Tweve. Yeye na shemeji yake Obadia Sanga, kaka wa mkewe, waliunda gari kwa mikono yao: chesisi ya jipu kuukuu, injini ya pikapu iliyopinduka, bodi ya mabati waliyoyakunja wenyewe. Rejeta ya kupozea maji ya injini ilitoka kwenye lori, Obadia akailehemu mpaka ikaenea. Watu walilicheka, lakini lilipanda mlima na magunia ya viazi, na waliocheka wakaanza kuomba lifti.

Mama yake Lutengano alikuwa na pumu. Msimu wa baridi ulipofika, sakitu, ule umande ulioganda, ikitanda mashambani kila alfajiri, alipelekwa kliniki ndani ya mabati yale na kurudi kifua kinakoroma. Lutengano hakuvumilia. Alipata hita ya lori bovu, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, akaifunga juu, karibu na kioo cha mbele, akaunganisha mipira ya maji kutoka kwenye injini. Aliifunga peke yake, Obadia akiwa safarini, na moyo wake ukajaa fahari.

Tangu hapo gari likaanza kuchemsha. Kila lilipopanda mlima mshale wa joto ulipanda nalo, na hita yenyewe ikapuliza baridi. Lutengano alibadilisha themostati. Akakaza mkanda wa feni, akanunua mfuniko mpya wa rejeta. Halikupoa. Obadia aliporudi, alimkuta ameinama juu ya injini, macho mekundu kwa mvuke.

"Kabla hujafunga hita, lilichemsha?" Obadia aliuliza.

"Hita haina kosa. Nimeifunga mwenyewe."

"Sijasema ina kosa. Ila gari likichemsha, anza na ulichoongeza. Rejeta hii imepanda mlima huu mwaka mzima."

"Hita ni ya mama yangu. Unataka niitoe ili kazi yako isiguswe."

"Shemeji, nataka tufungue mipira tutazame, basi."

"Uliilehemu vibaya, na ulijua," Lutengano alisema. "Gari liliposifiwa kwa jina langu, roho ilikuuma."

Mkewe, Yusta, alikuwa mlangoni na birika la chai, akasikia yote. Obadia alikusanya spana zake, akamuaga dada yake, akaondoka. Baada ya mavuno alihamia Tunduma.

Lutengano akafunga rejeta nyingine. Gari likachemsha vile vile. Moyoni alijua sasa kwamba rejeta haikuwa na hatia, lakini kuigusa hita kulikuwa sawa na kumfuata Obadia na kumwomba radhi. Akaona afadhali kubeba madumu ya maji kila safari.

Asubuhi moja mama alibanwa kifua. Lutengano na Yusta walimfunga mablanketi, wakamlaza kiti cha nyuma. Katikati ya mlima mvuke ukafumuka. Wakasimama kungoja injini ipoe, wakamimina maji, wakaenda kidogo, wakasimama tena. Hakuna gari lingine lililopita. Mama alitetemeka, akimwambia mwanawe asijisumbue, yeye hasikii baridi sana. Walifika hospitali jua limekwisha kuwa kali. Mama aliingizwa wodini, hakutoka.

Matanga yalipokwisha, Lutengano alikwenda kuing'oa hita. Alipolegeza mpira wa juu, hewa ilitoka kwa mlio mrefu, kisha maji. Hita ilikaa juu kuliko rejeta. Hewa iliyoingia siku ya kuifunga ilinaswa humo na kuzuia maji kuzunguka. Akajaza maji, akakaza mpira, akawasha. Mshale ulisimama katikati, haukusogea. Hita ikapuliza joto zuri, kama la jikoni. Alikaa ndani ya joto lile, akalia mpaka Yusta akaja kuzima injini.

Alimfuata Obadia Tunduma, akamweleza yote bila kuficha.

"Mama nilimpenda," Obadia alisema. "Ningekuja kumzika kama mngeniita."

"Niliona haya kukuita."

"Nimekusamehe, shemeji. Lakini kufanya kazi na wewe tena, hapana."

Alimnywesha chai, akamsindikiza mpaka stendi. Hawakuunda tena gari pamoja.

Tangu hapo kila aliyemletea Lutengano gari linalochemsha alisikia kwanza maneno ya Obadia. Mafundi wakayachukua, na wasuluhishi wakayachukua kwa mafundi. Maana mtu huona uchungu kukikagua alichokifunga kwa upendo. Huanza kuifumua kazi ya mwenzake. Wale ndugu wawili waliishi vizuri miaka mingi, na leo kila mmoja anamfumua mwenzake. Waende wakatazame ni kipi kilichoingia nyumbani mwao juzi, na nani alikileta. Gari likichemsha, anza na ulichoongeza.