Mate Yasikauke

Palikuwa na Sultani mmoja ambaye kelele za watoto zilimkosesha usingizi wa mchana, akaamua kwamba ubaya wote wa mji wake unatoka kwa watoto. Askari wakagawiwa hati za mashtaka. Mtoto akipiga mluzi, hati. Akicheka karibu na kasri, hati. Akikimbia njiani, hilo ndilo kosa kubwa: hati, na kufungiwa ngomeni mpaka Idi. Wezi wa mji ule, nawaambieni, walistarehe, maana askari wote walikuwa wanafukuzana na watoto.

Basi akakamatwa Tumu, msichana wa miaka saba, akikimbia njia ya sokoni. Bibi yake, Bi Nunu, muuza mbaazi, ndiye aliyemlea tangu mama mtu afariki. Alipopata habari alifunika chungu, akajitupia kanga, akaenda kwa Sultani. Njia nzima alilia. Mlangoni akafuta machozi, akaingia.

Alimkuta Tumu kasimama katikati ya askari wawili. Akamwinamia, akamuuliza jambo sikioni. Mtoto naye akamjibu sikioni.

"Mjukuu wako alikuwa anakimbia," akasema Sultani.

"Alikuwa anakimbia, Maulana."

"Hukatai?"

"Nikatae vipi, na askari wako hawakumpata mpaka alipojikwaa mwenyewe?"

Askari mmoja akatazama dari.

"Alikuwa anakimbilia nini?"

"Katumwa. Mtu mzima kamtuma tambuu ya kutafuna, katema mate chini, kamwambia, 'Urudi haya hayajakauka.' Na jua la leo unaliona."

"Angetembea."

"Mate yangekauka, akaambiwa hana adabu."

"Basi angekataa kutumwa."

"Maulana ulipokuwa mdogo ulikataa kutumwa?"

Sultani akakohoa. Nani kati yetu hajakimbizana na mate ya wakubwa? Lakini barazani walikaa mawaziri, kadhi na wafanyabiashara, wote wanamtazama, na mbele ya watu wale hakutaka kushindwa na muuza mbaazi. Akawaza kidogo, akatabasamu. Kwake yeye, mjukuu wa Bi Nunu hatumwi na mwingine ila Bi Nunu.

"Kwa hiyo mwenye kosa ni aliyemtuma," akasema.

"Ikiwa Maulana anaona hivyo."

"Naona hivyo. Mtoto aachiwe sasa hivi. Aliyetema mate ndiye atakayelala ngomeni mpaka Idi, awe nani, awe nani. Kadhi ni shahidi, Wallahi sirudi nyuma."

"Hata akiwa mzee?"

"Hata akiwa mzee. Wewe una miaka mingapi, bibi?"

Bi Nunu alimvuta Tumu kwake, akampangusa vumbi magotini, akamfunga vizuri mtandio wake. Alipohakikisha mtoto yuko mkononi mwake na mlango uko wazi, akageuka.

"Maulana, agiza godoro lipelekwe ngomeni. Mama yako hajazoea kulalia mkeka."