Mgane na Toleo Jipya la Linux

Wapendwa, nataka niwasimulie habari za bwana mmoja mgane. Hamumfahamu, kwa hiyo msianze kugeuka na kutazamana. Alikuwa mstaafu wa idara ya maji, hakujaliwa mtoto, na marehemu mkewe alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari.

Nyumbani kwao palikuwa na kompyuta ya mezani inayotumia Linux, mfumo wa bure ambao mafundi wengi wanaupenda. Kila baada ya muda hutoka toleo jipya la mfumo huo. Lile la zamani watengenezaji wake huendelea kulitunza miaka kadhaa, wakirekebisha makosa yake, kisha wanaliacha. Kwa hiyo mwenye kompyuta hana budi kuamua: nihamie lini?

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Toleo likitoka, hakulikimbilia. Alisubiri miezi mitatu, minne, wenye haraka wakutane na kasoro zake kwanza. Kisha alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, akachemsha chai, akahamia. Mumewe alikaa karibu naye akisoma gazeti, hajui hata kinachoendelea.

Mwaka mmoja toleo jipya lilitoka mwalimu akiwa kitandani. Miezi mitatu haikutimia. Wakamzika.

Baada ya matanga watu walirudi makwao, kama ilivyo kawaida yetu. Bwana yule akabaki na nyumba. Alikula amesimama jikoni, kwa sababu kuketi mezani peke yake kulimshinda. Asubuhi aliwasha kompyuta, na kwenye kioo yalitokea maneno aliyoyaandika mkewe zamani: "Umeamkaje, mzee wangu?" Hayo ndiyo maamkizi pekee aliyoyapata siku nzima. Kisha ilikuja taarifa kwamba toleo jipya lipo. Akaifunga. Kesho yake akaifunga tena. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Siku moja akaja kumsalimia binti fundi, aliyewahi kufundishwa na marehemu. Akaitazama mashine.

"Mzee, toleo hili limeshaachwa. Hakuna anayelirekebisha tena. Niruhusu nikuhamishie."

"Aliyekuwa anajua wakati wa kuhamia ni mwalimu wako," bwana akasema. "Mimi sijui. Tukikosea, nitampoteza mara ya pili."

"Tutanakili kwanza, kama alivyonifundisha mwenyewe."

"Niache, mwanangu. Bado."

Binti akaaga. Nani hapa angemlaumu mzee huyu? Wewe mwenye nguo za marehemu kabatini mpaka leo, ungemlaumu?

Ikapita miaka mingine miwili. Barua pepe zikakataa kufunguka, tovuti moja baada ya nyingine ikagoma, mpaka akabaki na picha za mkewe tu. Ndipo akampigia binti yule simu. "Njoo," akamwambia. "Lakini nitakaa hapa hapa nione."

Binti akaanza kunakili. Akakuta folda yenye jina "Kuhamia toleo jipya", na ndani yake faili moja tu.

"Mzee, hii umewahi kuisoma?"

"Hayo mambo ya kitaalamu ningeyasoma nielewe nini?"

"Si ya kitaalamu. Ni barua yako."

Akamsogezea kiti. Bwana akavaa miwani, akasoma:

"Mzee wangu, najua utaogopa. Ngoja miezi mitatu, usingoje zaidi. Hatua zote nimemfundisha dada yangu Nakiete. Nimemwambia asije bila kuitwa, maana wewe hupendi kuingiliwa, anasubiri umwite. Mwite kwa ajili ya kompyuta, halafu akae mnywe chai. Naye anaishi peke yake."

Wapendwa, Nakiete alikuwa ameshazikwa mwaka uliotangulia. Alikuwa akikaa kijiji cha pili tu. Bwana yule, shemeji yake, alikwenda mazishini, akakaa nyuma kabisa, akaondoka mapema, akijisemea moyoni kwamba mwanamke huyu hakuja kumwona hata siku moja.

Binti alingoja mpaka mzee alipovua miwani. Akamuuliza kwa upole, "Mzee, niendelee?"

"Endelea."

Ikachukua saa moja na nusu. Picha zote zilikuwepo, barua zote zilikuwepo. Katika vitu alivyokuwa anavilinda, hakikupotea hata kimoja. Aliyepotea alikuwa kijiji cha pili, akimsubiri miaka minne.

Sasa tuje kwetu sisi. Mwalimu yule naye alisubiri, na hakukosea. Alisubiri huku akijiandaa. Lakini sisi tunasubiri nini? Tunasema tunawaenzi waliotutangulia, na tumefunga mlango ili kisiguswe chochote walichokiacha. Je, tumewahi kukaa tukasoma walichotuomba? Tunalalamika hapa kanisani kwamba hakuna anayetujali, hakuna anayebisha hodi. Mimi mchungaji wenu nimelalamika hivyo pia, msinitazame. Yawezekana huyo tunayemnung'unikia ameambiwa atuheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo anazeeka peke yake upande wa pili.

Nakiete wa bwana yule amekwenda. Wa kwako bado yu hai, na jina lake limekujia sasa hivi ninavyosema. Sala ya leo nitaifupisha. Ukitoka nje, kabla hujafika barabarani, mpigie.