Nani Akae Kiti cha Tisa?

Sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye usingizi akalale kwake. Ninachowasimulia kitawagombanisha, na ndivyo ninavyotaka.

Katika nchi moja yenye mawaziri wengi na dawa chache, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Ntandu, mchimba visima. Kipaji chake kilikuwa kutong'oka. Akikita sururu mahali, aliyechoka ni mwamba, si yeye. Watu walimwita Baba Mwasiti, ingawa Mwasiti, binti yake wa pekee, alikwisha kuzikwa akiwa na miaka sita. Mtoto alivimba taya, akafikishwa hospitali ya rufaa, akaanzishiwa dawa za saratani, uvimbe ukanywea mpaka akaweza kutafuna hindi la kuchoma. Kisha dawa zikaisha nchi nzima. Wiki tano. Dawa ziliporudi, mwenyewe hakuwepo.

Wa pili alikuwa Mzee Kashaija, karani wa masjala katika hospitali hiyo hiyo. Kipaji chake kilikuwa kutosahau, na alichoogopa kukisahau alikiandika. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika kila mtoto aliyelazwa kwa saratani: jina, kijiji, wiki ambayo mama aliona dalili, wiki waliyofika hospitali, dawa iliyokosekana, na kilichofuata. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walimcheka, wakamwita Malaika Mwandishi.

Wa tatu ni Sikudhani, na huyu ndiye tutakayefuatana naye. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na jicho moja. Lile la kulia lilitolewa akiwa na miaka mitatu, baada ya mama yake kuona weupe ndani ya mboni, unang'aa kama jicho la paka kwenye taa, akampakia kwenye lori la vitunguu, siku mbili njiani, mpaka hospitali. Akapona. Siku ya kuruhusiwa hakuna aliyemwambia mama arudi lini, wala kwamba dawa zilizomwokoa mtoto zingeweza kumla masikio. Sikio moja lilipoanza kufifia shuleni, mwalimu alimchapa kwa utukutu. Alipohitimu chuo cha ualimu, tena kwa alama za juu, daktari wa ajira aliandika kwenye fomu yake: "Aliwahi kuugua saratani. Hafai."

Tangu siku hiyo Sikudhani akawa mtu wa dharau. Alidharau kwa bidii, kama wengine wanavyosali. Na aliyemdharau kuliko wote ni Waziri. Kila mwaka, mwezi wa saratani za watoto ulipofika, Waziri aliingia wodini na maboksi ya juisi na wapiga picha wanne. Akasema watoto ni taifa la kesho. Akaondoka na wapiga picha wake. Juisi zikabaki juu ya makabati, maana nusu ya watoto walikuwa na vidonda vya mdomo na juisi ile iliwachoma kama pilipili. Jambo hilo muuguzi yeyote angemwambia, lau angeuliza.

Walikutana masjala. Sikudhani alikwenda kutafuta faili lake apinge ile fomu. Faili halikuwepo, lakini Mzee Kashaija alifungua daftari lake la kwanza, akapitisha kidole.

"Sikudhani, miaka mitatu, jicho la kulia. Ametoka mzima." Akamtazama. "Habari zako zinaishia getini, mwanangu. Baada ya hapo sijui kitu."

Nyuma ya Sikudhani kwenye foleni alisimama Ntandu, kofia mkononi. Yeye alikuwa na swali moja: katika zile wiki tano, ni watoto wangapi walikosa dawa pamoja na Mwasiti wake?

"Kumi na wanne," akajibu Mzee Kashaija bila kufungua daftari.

"Walio hai?"

"Watatu."

Hapo ndipo wakawa kitu kimoja. Waliandika barua wizarani, wakaomba mambo matatu: dawa za watoto zisikatike tena, serikali igharamie utafiti ili ijulikane watoto gani wanaugua, wapi, na kwa nini wanachelewa, na waliopona wawe na kliniki yao, neno "hafai" lifutwe kwenye fomu.

Jibu lilikuja na muhuri mkubwa. Lilisema hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba tatizo lina ukubwa wa kutengewa fedha. Mmesikia? Utafiti haufanyiki kwa sababu hakuna takwimu, na takwimu hazipo kwa sababu utafiti haufanyiki. Mjinga huzunguka nyumba akitafuta mlango. Mwerevu wa ofisini hujenga nyumba isiyo na mlango ili asisumbuliwe.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Ntandu alikwenda kusimama kwenye geti la wizara. Hakupiga kelele, hakubeba bango. Kila asubuhi alifika na shati lililofuliwa, akauliza, "Waziri yupo?" Mlinzi akajibu, "Yupo kikaoni." Ntandu akasema, "Nitangoja." Alingoja wiki saba. Mvua ilimnyeshea, polisi walimchukua siku moja wakamrudisha siku ya pili, akaendelea kusimama palepale. Wiki ya nane gari la mwenyekiti wa kamati ya afya ya Bunge, Bi Zamaradi, lilisimama getini. Bi Zamaradi akamuuliza mlinzi, "Huyu ni nani?" Mlinzi akasema, "Ni wa hapa, mama," maana alikwisha kumzoea kama mlingoti wa bendera. Kioo kikashuka. Ntandu alizungumza dakika nne, akatoa picha ya Mwasiti mfukoni. Wiki iliyofuata wote watatu waliitwa mbele ya kamati. Bila Ntandu, wasingeingia mle ndani mpaka leo.

Mzee Kashaija aliingia kwenye ukumbi wa kamati na mfuko wa sandarusi. Waziri alikwisha kukaa, maofisa sita kandoni mwake, kila mmoja na chupa ya maji asiyoyanywa.

"Waheshimiwa," Waziri akaanza, "huruma si sera. Watoto hawa ni wachache, na takwimu hazipo."

Mzee Kashaija aliinua mkono kama mwanafunzi. "Zipo, Mheshimiwa. Zilikuwa masjala, mlango wa tatu kushoto."

Akapanga madaftari kumi na moja mezani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Watoto elfu mbili mia nne na sita. Theluthi mbili walifika wamechelewa zaidi ya miezi mitatu, kwa kuwa walitibiwa malaria au wakang'olewa meno kwanza. Mia tatu na tisini waliishiwa dawa katikati ya matibabu. Alitaja vijiji. Alitaja wiki. Ofisa mmoja akanong'ona kwamba madaftari yale hayana muhuri.

"Hayana," Mzee Kashaija akakubali. "Makaburi nayo hayana."

Bila Mzee Kashaija, wangetolewa nje kabla chai haijaletwa.

Bi Zamaradi aliuliza, "Na waliopona?"

"Mia sita na themanini walitoka wazima. Walipo sasa sijui. Hakuna aliyewahi kuwatafuta."

Waziri akaona upenyo, akatabasamu. "Mnaona? Serikali imeponya mia sita na themanini! Hilo hamlisemi."

Sikudhani alisimama. "Mimi ni mmoja wao."

"Hongera, binti yangu! Mshukuru Mungu, ishukuru na serikali yako. Umepona."

"Nimepona saratani, Mheshimiwa. Ninyi bado."

Sikudhani hakupaza sauti. "Mwaka jana goti lako liliuma. Likapanda ndege, likatibiwa ng'ambo, likarudi na tarehe za kliniki kila baada ya miezi mitatu. Jicho langu lilipanda lori la vitunguu. Siku natoka hospitali sikupewa hata karatasi ya kurudi. Sikio likafa, hamkuuliza. Nikasoma, nikafaulu, mkaandika sifai. Naomba uniambie: goti lina haki gani ambayo mtoto hana?"

Waziri aliiangalia chupa yake ya maji. "Binti, hasira hazi..."

"Sina hasira. Mtu humkasirikia anayemtegemea."

Kikao kile kilikuwa kinarushwa redioni moja kwa moja. Kabla wiki haijaisha, wauza mboga sokoni walikuwa wakiulizana kwa kicheko, "Goti lina haki gani?" Watoto wa shule walimwimba Waziri akipita. Wabunge waliokuwa wakisinzia wakaamka, si kwa uchungu wa watoto, bali kwa kuogopa magoti yao wenyewe. Bila Sikudhani, madaftari yangerudi masjala na vumbi lake.

Miezi minane baadaye sheria ilipita. Dawa zikawekewa akiba, utafiti ukapata fungu lake, kliniki ya waliopona ikafunguliwa, na "hafai" likafutwa. Siku ya uzinduzi Waziri alivaa fulana ya rangi ya dhahabu, alama ya saratani za watoto, iliyombana tumboni, akakata utepe, akasema, "Hii imekuwa ndoto yangu tangu nikiwa mwanafunzi." Akapiga makofi akijipongeza. Mtu wa namna hiyo humtukani. Matusi yatamtukuza.

Sheria iliunda baraza la kusimamia mambo yote hayo: viti tisa. Vinane vilikwisha kugawanywa kwa wakubwa. Cha tisa kilikuwa cha mwananchi mmoja aliyepigania jambo hili. Mmoja tu, kwa miaka mitano, hakuna kupokezana. Watatu wetu wachague wao wenyewe, jina lifike kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Wasipoelewana, wizara ingemteua mtu wake, na kila mtu alijua ni nani: shemeji wa Waziri, mkodisha maturubai, ambaye saratani aliijua kwa tahajia, tena kwa taabu.

Wiki hiyo, ofisa wa wizara aitwaye Bwana Chilumba alimtembelea kila mmoja peke yake. Kwa Sikudhani alikuja na tabasamu la siagi. "Karani anakaribia kustaafu. Mchimba visima hawezi kusoma hata ripoti. Kiti ni chako, dada."

Sikudhani alimfungulia mlango atoke. Lakini alipobaki peke yake, akahisi jambo lililomtisha: ile dharau yake ya siku zote ilikuwa imegeuka, inawatazama wenzake. Kweli, Ntandu hasomi ripoti. Kweli, mzee anazeeka. Akajichukia, lakini wazo halikuondoka.

Ijumaa asubuhi walikutana kwenye benchi nje ya wodi. Kumbe Chilumba alikwisha kumwambia kila mmoja kwamba kiti ni chake.

"Niliandika majina elfu mbili na ushee," akasema Mzee Kashaija. "Utafiti utaanzia kwangu. Nani mezani atajua kinachotafutwa?"

"Uliandika, mzee, ukanyamaza," Sikudhani akamkata. "Miaka ishirini na miwili ulijua watoto wanakufa, ukanyamaza!"

Mzee alivua miwani. "Ni kweli. Karani akipayuka hufukuzwa. Ningefukuzwa, nani angeandika?"

Sikudhani akasogea, akampa mzee nafasi zaidi kwenye benchi.

Ntandu akasema polepole, "Mimi ripoti sisomi. Lakini siku watakaposema mezani, 'Dawa zitachelewa kidogo tu,' nani kati yenu atajua kidogo ni kiasi gani?"

Ndani ya wodi mtoto alikuwa akigombana na muuguzi juu ya sindano.

"Na waliopona?" Sikudhani akasema. "Waliokufa wanaliliwa, sisi tunaambiwa tushukuru. Nina miaka arobaini mbele yangu ya kuishi na masalio ya ugonjwa huu. Ninyi..."

"Malizia, mwanangu," Ntandu akasema. "Sisi tunaondoka. Si ndilo?"

Sikudhani akainamisha kichwa. "Nisamehe, Baba Mwasiti."

"Hujakosea. Ndiyo maana inauma."

Mzee Kashaija akachana karatasi vipande vitatu. Kila mmoja aandike jina moja, wakunje, wachanganye. Walipofungua, yalikuwa majina matatu tofauti. Hakuna aliyeuliza nani ameandika nini. Sikudhani alijua alichoandika: jina lake, kwa herufi kubwa, na hakujuta.

Saa tano na dakika arobaini walikuwa kwenye ofisi ya wizara. Shemeji alikwisha kufika, amekaa kwenye kochi la wageni na tai mpya, anasoma gazeti juujuu. Bwana Chilumba alisukuma fomu mezani. Ilikuwa na mstari mmoja.

"Tumeshaelewana?" akauliza, akitazama saa ya ukutani kwa furaha asiyoificha.

Ntandu aliyefungua mlango. Kashaija aliyeleta ushahidi. Sikudhani aliyewaaibisha mpaka wakatenda. Mmoja anajua uchungu wa kukosa dawa, mmoja anajua yaliyowapata watoto wote wale, mmoja atayaishi hayo mpaka uzeeni. Yeyote asingekuwepo, wengine wawili wasingepata hata fomu hiyo ya kugombania. Na wakiiacha tupu, mwenye tai anaingia.

Haya, msinitazame mimi. Kalamu nawapa ninyi, na dakika ishirini. Wewe ungeandika jina la nani?