Rangi ya Buluu ya Nakiete

Kisa hiki nimetumiwa asubuhi, nacho hakijanitoka moyoni. Kisome polepole, kisha mtumie yeyote anayejiona hakosei.

Palikuwa na fundi wa vigae, Mbwambo, ambaye wafinyanzi wote wa bonde lile walimpelekea rangi zao azijaribu. Rangi ikiyeyuka tanurini, aliikataa mbele ya watu, na hapo hakuna tena aliyeitaka.

Siku moja mjane aitwaye Nakiete akaleta unga wa buluu alioutafutia mawe na kuusaga kwa miaka mitatu.

"Huu hauyeyuki, fundi," alisema.

Mbwambo akacheka kwa dharau. Buluu yake yeye mwenyewe ilishindwa na moto mkali, sembuse ya huyu mama! Akautia unga kidogo kwenye kibakuli cha udongo alichokifinyanga kwa mikono yake, akachochea kuni kuliko siku zote. Tuseme ukweli, alitaka ushindwe.

Tanuri lilipopoa akatoa bonge lililoyeyuka, linang'aa kama kioo. Akaliinua juu watu walione.

"Mama, hii si rangi. Umetupotezea wakati."

Watu wakaangua kicheko. Nakiete akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Kesho yake Mbwambo alilipasua lile bonge ili alitupe. Katikati akakuta unga wa buluu, mkavu vilevile kama ulivyoingia. Kilichoyeyuka ni kibakuli chake.

Uso ukamwaka kwa aibu. Miaka yote hiyo alijaribu rangi za watu, lakini kibakuli hakuwahi kukijaribu hata mara moja, kwa kuwa kilikuwa chake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hata hivyo aliwakusanya walewale waliocheka, akakiri kosa, akaongozana nao hadi kwa Nakiete. Mzee mzima akapiga magoti mlangoni.

"Nisamehe, mama. Nipe unga uliobaki, nikausifu kwa mdomo huuhuu uliokutukana."

Nakiete akatikisa kichwa.

"Haupo, fundi. Niliumwaga wote mtoni jana ileile, nisije nikamharibia mtu vigae vyake."

"Wote? Kwa nini hukungoja?"

"Ulisema haufai. Nikakuamini."

Mbwambo akabaki pale chini, hajui aweke wapi macho yake.

Funzo: Kabla hujamwaibisha mtu mbele za watu, kagua kwanza kipimo chako, maana anayekuamini hatangoja ubadilishe neno.