Filamu ya Ukuta wa Haukiniemi

Saa kumi na dakika arobaini jioni, Jumamosi ya mwisho ya Februari, filamu ilikwama. Hilkka Vartiainen alikuwa amesimama katika giza totoro la chumba cha kuogea, ameshika kigurudumu cha plastiki ambacho filamu huviringishwa ndani yake kabla ya kusafishwa. Karibu nusu ilikuwa imeshaingia katika mfereji wake mwembamba, unaojizungusha kuelekea ndani kama gamba la konokono. Alizungusha tena, filamu haikusogea. Alipoongeza nguvu kidogo, ilitoa mlio kama wa ganda la yai linapoanza kupasuka. Akaacha.

Filamu hiyo haikuwa na nakala. Jumatatu, mafundi wa manispaa walipokuwa wakijiandaa kubomoa shule kuukuu ya msingi ya Haukiniemi, walibandua karatasi za ukutani wakakuta mistari ya penseli: urefu wa wanafunzi, majina yao na miaka, tangu 1921 hadi 1958. Hilkka, mpimaji wa maziwa katika maabara ya kiwanda cha siagi, alikwenda kupiga picha. Baridi siku hiyo ilifika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na simu yake ikazimika kabla hajapiga hata picha moja. Kamera ya marehemu baba yake, isiyotumia betri, ilifanya kazi. Alipiga picha thelathini na sita. Jumanne ukuta ulikuwa kifusi.

Miongoni mwa majina yale lilikuwamo la Toivo Huttunen. Toivo alifariki kwa homa akiwa na miaka kumi na mmoja, wala hakuwahi kupigwa picha. Dada yake, Lempi, sasa alikuwa na miaka tisini na mmoja, na kesho yake asubuhi binti yake angemhamishia mji wa Oulu, asirudi tena. Lempi alialikwa kufika saa kumi na mbili auone mstari wa kaka yake. Hilkka alikumbuka kuuelekezea kamera. Kama picha yenyewe ilitoka, hakuna aliyejua.

"Bado tu?" mumewe, Veijo, aliuliza nje ya mlango.

"Imekwama. Na usifungue!"

"Sijafungua. Isukume."

"Nimeisukuma."

"Hujaisukuma wewe. Hata mlango wa gari unaufunga kama unambembeleza mtoto alale."

"Veijo, mpigie shangazi Pirkko. Weka sauti juu, halafu simama mbali na mlango. Sitaki mwanga wa simu yako upenye huku."

Pirkko alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba cha giza cha gazeti moja la Kuopio. Alipokea simu kwa desturi yake.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, shangazi," alisema Veijo. "Ni filamu ya Hilkka, imekwama kwenye kigurudumu."

"Mko wapi?"

"Chumba cha kuogea. Ndicho pekee kisicho na dirisha."

"Leo Jumamosi. Sauna mmewasha?"

Sauna, yaani bafu lao la mvuke, ilikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Veijo alikuwa amewasha jiko lake saa tisa, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu waoane, na alikuwa amekwisha kumwagia mawe maji kata mbili ili kuyapima. Katika nchi ile hakuna anayeuliza Jumamosi kama sauna iwashwe. Ni sawa na kuuliza kama jua lichomoze. Kwa hiyo Veijo hakuuliza, na Hilkka hakufikiri.

"Tumewasha," alisema Veijo, sauti imenywea.

"Basi mmeipeleka filamu kuoga kabla ya kuisafisha! Hilkka, mwanangu, si wewe ndiye mtu wa maabara?"

"Ndimi, shangazi."

"Makubwa! Sikiliza. Filamu ikipata unyevu hufura, ikanata kwenye plastiki kama kupe. Ukiilazimisha itakunjika na kugusana yenyewe kwa yenyewe, na inapogusana dawa haipiti. Utapata mabaka matupu."

"Lakini Bi Lempi anafika saa kumi na mbili," Veijo alidakia.

"Lempi amekaa bila picha ya kaka yake miaka themanini. Mpe kahawa asubiri. Hilkka, kitenganishe kigurudumu pande mbili, itoe filamu taratibu, ishike kingo tu. Iviringe, itie kwenye tangi pamoja na bomba la katikati linalozuia mwanga, ufunike. Ukishasikia kifuniko kimebana, ndipo utoke. Uikalishe sehemu kavu saa nzima. Saa nzima, Hilkka, si dakika arobaini."

"Na nikitoka, giza nitalipata wapi tena?"

"Subiri usiku uingie. Ni bure."

Hilkka alifuata kila neno. Alikitenganisha kigurudumu pande mbili. Filamu ilitoka inchi kwa inchi. Aliiviringa, akaitumbukiza katika tangi jeusi lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, akazungusha kifuniko mpaka kikabana. Tundu la kumiminia dawa hupitisha hewa lakini si mwanga. Alifungua mlango, akalipeleka tangi chumba cha kulala na kuliweka juu ya kabati, mbali na jiko.

Saa ile moja ilikuwa ndefu kama mwaka wa njaa. Hilkka alikausha kigurudumu kwa mashine ya kukaushia nywele, akakijaribu kwa kipande cha filamu mbovu: kiliteleza bila kugoma. Mara mbili aliunyoosha mkono kuelekea tangi, na mara mbili akaurudisha.

Saa kumi na mbili kamili Lempi alifika na binti yake, Raija, ambaye hakuvua koti. Saa kumi na mbili na robo, theluji ya nje ilipoacha kuonekana dirishani, Hilkka aliomba taa zote za nyumba zizimwe, hata ya uani. Akajifungia chumbani na tangi. Wengine walibaki jikoni gizani, na sauti zao zilimfikia.

"Nani kanishika mkono?" aliuliza Lempi.

"Mimi, Bi Lempi," Veijo alijibu. "Natafuta mkate wa iliki."

"Basi huo si mkate. Mkate una joto."

"Mama, twende," alisema Raija. "Barabara itaganda."

"Barabara imeganda tangu Novemba. Kaa."

Hilkka aliingiza ncha ya filamu mferejini. Akazungusha mara moja, mara mbili, mara tano. Pale ilipokwama mwanzo alishika pumzi. Filamu ilipita. Iliendelea kupita mpaka mwisho wake ukamponyoka vidoleni na kuzama ndani ya kigurudumu. Alifunga tangi, akajaribu kifuniko mara tatu, ndipo akashusha pumzi na kupaza sauti: "Washeni taa!"

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vipimo, na vipimo alivijua. Dawa ya kwanza, nyuzi ishirini, dakika tisa na nusu, akilipindua tangi kila dakika. Maji. Dawa ya kukazia picha, dakika tano. Maji tena, mengi. Veijo alisoma saa kwa sauti bila kutia neno lake hata moja, jambo lisilo la kawaida kwake.

Saa moja na dakika ishirini na tano Hilkka alifungua tangi, akaivuta filamu ikichuruzika maji, akaiinua kwenye taa ya jikoni. Mabaka hayakuwapo. Picha zote thelathini na sita zilikuwapo, rangi zimegeuka kama ilivyo kwa filamu: ukuta mweusi, mistari ya penseli myeupe kama nyuzi. Akaketi, mkono bado uko juu.

"Ya ishirini na tisa," alisema.

Raija alivua koti, akamsogezea mama yake kiti na kioo cha kukuzia. Lempi aliinama chini ya taa. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikicheza.

"Toivo H.," alisoma. "Mwaka arobaini na nne. Sentimita mia moja arobaini na moja." Akaweka kioo mezani. "Alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka."

Lempi alitoa leso, akapangusa miwani kwanza, macho baadaye, kisha akamgeukia Hilkka.

"Umeniweka saa moja na nusu, tena gizani, na huyu mumeo akinipapasa kama mkate," alisema. "Lakini kawia ufike."